Je, wajua wadudu wa Dodoma huvukaje kiangazi?

Kule Ulaya wadudu wana majira ya baridi ya kuyavuka. Wengi hubaki mayai au pupa mpaka joto lirudi, na baadhi hutengeneza gliseroli mwilini ili majimaji yao yasigande. Dodoma hatuna theluji. Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 13 hivi. Mdudu wa huku huuawa na kiu. Mvua ikikatika Aprili au Mei, hairudi mpaka Novemba mwishoni au Desemba, na mwili mdogo hukauka upesi mno.

Mtazame panzi kifuku kinapoisha. Jike huchagua udongo ulio wazi, huchomeka ncha ya tumbo lake na kulirefusha kwenda chini. Hapo hutaga mayai mengi kwa mpigo, kisha huyafunika kwa povu linalokauka na kuwa kifuko kigumu. Panzi wengi wakubwa hufa; kifuko hubaki. Ndani yake, katika spishi kadhaa, kijusi husimamisha ukuaji kabisa, hali ambayo wataalamu huiita dayapozi. Hutumia nguvu kidogo sana, na hata ikinyesha mvua ya kupita kabla ya wakati, yai haliamki ovyo. Kwangu hili ndilo la ajabu zaidi: yai kujua kungoja.

Yuko aliyewazidi wote, mdudu mdogo jamii ya usubi asiyeuma, anayeishi kwenye vidimbwi vya juu ya miamba huko Nigeria. Kidimbwi kikikauka, buu lake nalo hukauka mpaka libakiwe na maji kama asilimia 3 tu. Sukari iitwayo trehalosi huchukua nafasi ya maji na kuzilinda seli. Mabuu yaliyokaushwa yameamka hata baada ya miaka 17, mara tu yalipowekwa majini.

Mchwa hawalali. Hushuka chini kwenye unyevunyevu wa kichuguu, wakaendelea kulisha bustani zao za kuvu, huku kumbikumbi wakikua humo wakisubiri mvua za kwanza watoke.

Anayetuhusu moja kwa moja ni mbu wa dengi, yule mwenye mistari meupe miguuni. Hutaga kwenye ukuta wa ndani wa pipa au ndoo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai ni meusi, madogo kama chembe za vumbi, na huvumilia ukavu kwa miezi. Huku tunakohifadhi maji kwa sababu ya shida ya mgao, kumwaga na kuanika pipa hakuyaui. Maji yakirudi, yanaanguliwa. Sugua kuta zake kwa brashi ngumu na sabuni, suuza, halafu ndipo ujaze na kufunika.