Macho ya manjano na maumivu ya mbavu za kulia: maswali na majibu kuhusu vipimo vya ini kwa wenye mawe ya nyongo

Ugonjwa wangu ni wa mfuko wa nyongo. Mbona napimwa ini?

Kwa sababu nyongo hutengenezwa na ini. Mfuko ulio chini yake huihifadhi tu, na ukila, hasa chakula cha mafuta, hujikaza na kuimwaga utumboni kupitia mrija mwembamba. Mawe yakitulia ndani ya mfuko, ini mara nyingi halipati taabu yoyote. Jiwe likitoka likakwama kwenye mrija mkuu, nyongo hukosa pa kupita, hurudi kwenye ini na kuingia damuni. Hapo ndipo damu huonyesha.

Mama anaumwa chini ya mbavu za kulia na macho yamegeuka manjano. Tunampa mwarobaini na shubiri siku tatu nne, akikosa nafuu tutamleta. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa. Mleteni leo.

Wagonjwa wa mrija ulioziba wanaendelea kufika wakiwa wamechelewa, na maelezo ni yaleyale: nyongo imezidi, tumempa dawa chungu ishuke. Nyongo haikuzidi, imezuiwa njia. Jiwe lililokwama haliyeyushwi na mwarobaini, wala shubiri, wala habasoda. Mnapongoja, nyongo iliyotuama huingiliwa na bakteria kutoka utumboni, kisha bakteria hao husukumwa kwenye damu. Maumivu ya kulia, macho ya manjano na homa ya kutetemeka, vitatu hivi vikikutana, ni dharura ya saa, si ya siku. Akianza kuchanganyikiwa au presha ikishuka, anaweza kufa usiku huohuo.

Mgonjwa huyu anahitaji dawa za bakteria kupitia mshipa, na mrija uzibuliwe. Kuzibua hufanywa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na kwa sisi wa Lamu hiyo ni rufaa ya Mombasa au Nairobi. Hebu pigeni hesabu: kutoka Faza au Kizingitini kuna bahari ya kuvuka mpaka Amu, mji wa Lamu, na kusi likivuma huvuki saa yoyote utakayo. Kutoka Amu ni boti hadi Mokowe, kisha barabara ndefu. Zile siku za shubiri ndizo zilizokuwa siku za safari. Dua na kisomo visikome, lakini asomewe akiwa wodini.

Wala msingoje macho. Mkojo hubadilika mapema zaidi, ukawa na rangi ya chai ya mkandaa, choo kikapauka, na mwili ukawasha bila vipele. Mkiona hayo, safiri.

Alipimwa malaria ikaonekana. Si hiyo iliyoleta manjano?

Malaria kali huvunja chembe nyekundu za damu na yaweza kuleta manjano. Lakini kwa kawaida haipaushi choo. Tibuni malaria, na ini lipimwe siku hiyohiyo. Kipimo kimoja kuonyesha ugonjwa mmoja hakuondoi wa pili.

Karatasi ya majibu imejaa herufi. Niangalie nini?

Anza na bilirubini, ile rangi ya manjano yenyewe. Jumla yake, TBIL, kwa kawaida haizidi mikromoli 20 hivi kwa lita. Macho huanza kuonekana manjano inapofika 40 au 50. Ikipita 70 na mbavu za kulia zinauma, jiwe la kwenye mrija linashukiwa sana. Tazama pia DBIL, sehemu ambayo ini limekwisha kuitayarisha itoke. Mrija ukiziba, hiyo ndiyo inayojaa damuni.

Halafu ALP na GGT, vimeng'enya vya ini na mirija yake. Zikipanda pamoja, njia ya nyongo ina kizuizi au imeumia. ALP peke yake inaweza kutoka kwenye mifupa au kondo la nyuma, ndiyo maana huwa juu kwa mtoto anayekua na kwa mjamzito wa miezi ya mwisho. GGT ndiyo huamua: ikiwa nayo iko juu, tafuteni kwenye ini na mirija. Viwango hutofautiana kidogo kwa mashine, kwa hiyo linganisha na kilichochapishwa pembeni ya jibu lako, si na karatasi ya jirani.

ALT na AST huvuja kutoka kwenye chembe za ini zilizoumia, na kawaida yake ni hadi 40 hivi. Hapa watu hupotea. Jiwe likikwama ghafla, saa za mwanzo ALT inaweza kuruka hadi mamia, hata kupita 1,000, wakati ALP bado haijasogea. Mgonjwa akaambiwa ni homa ya ini, akarudishwa nyumbani kupumzika na kunywa glukosi. Kipimo cha hepatitisi kifanywe, ndiyo, lakini mwenye maumivu ya mbavu za kulia asirudishwe bila kupigwa picha ya altrasaundi.

Albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, hubadilika polepole, kwa wiki. Ikiwa chini sana, tatizo la ini huenda ni la zamani, au mwili una uvimbe mkali au lishe duni. INR hupima damu inavyoganda. Vitamini K huhitaji nyongo ili ifyonzwe utumboni, kwa hiyo mrija ukiziba vitamini hupungua na INR hupanda. Sindano ya vitamini K ikiishusha, ini bado linafanya kazi. Isiposhuka, ini lenyewe limeumia.

Daktari akiongeza hesabu ya chembe nyeupe na lipase, kimeng'enya cha kongosho, hakuzungushi. Lipase ikiwa mara tatu ya kiwango cha juu na tumbo linauma, kongosho imevimba, na jiwe ni sababu mojawapo kubwa.

Juzi ALT ilikuwa 600, leo ni 200. Amepona, tumchukue?

Msimchukue. ALT hushuka upesi hata kama kazi haijaisha. Tazameni bilirubini: ikishuka pamoja na ALP, na homa na maumivu vimekwisha, yawezekana jiwe limepita. Bilirubini ikipanda huku ALT inashuka, mrija bado umeziba. Ndiyo sababu damu hutolewa tena baada ya saa 24 hadi 48. Na hata hilo likiwa limepita, mfuko uliolitoa bado uko, na mara nyingi una mengine. Zungumzeni na daktari juu ya upasuaji kabla ya kuondoka.

Vipimo vyote vya ini ni sawa. Basi sina mawe?

Hapana. Mawe yaliyo mfukoni, hata mfuko ukiwa umevimba, mara nyingi huacha vipimo hivi bila kasoro. Mawe huonekana kwa altrasaundi. Kuna watu wamemeza dawa za vidonda vya tumbo kutoka dukani mwaka baada ya mwaka kwa maumivu ya chembe cha moyo yanayowaamsha usiku baada ya biriani ya harusi. Maumivu yakikaa zaidi ya nusu saa, yakaenda mgongoni au bega la kulia, kapige picha. Yakidumu zaidi ya muda wa saa 6, au yakija na homa, nenda hospitali saa hiyo.

Mwanangu ana selimundu, macho yake ni manjano siku zote. Nitajuaje?

Chembe zake huvunjika haraka, kwa hiyo bilirubini yake huwa juu, lakini si ile ya DBIL. Uvunjikaji huohuo humletea mawe ya nyongo angali mdogo. Weka karatasi za siku alizokuwa mzima, ziwe kipimo chake mwenyewe. Manjano yakizidi mazoea, DBIL ikapanda, mkojo ukakolea au mbavu zikauma, usiseme "ndivyo alivyo". Mlete leo.

Mafuta ya zeituni na ndimu hutoa mawe. Watu wameyaona chooni.

Walichokiona ni mafuta yaliyoganda na kuwa kama sabuni tumboni. Yakipata joto huyeyuka, na jiwe la kweli halifanyi hivyo. Mafuta mengi kwa mkupuo huukaza mfuko, na mfuko wenye mawe ukijikaza ndipo jiwe husukumwa kwenye mrija. Acheni.

Na hijama?

Mwenye macho ya manjano asichanjwe. INR ikiwa juu damu haikati, na mgonjwa hutokwa na damu kwenye chale zote. Msimpige chale kabla INR haijajulikana.

Nijitayarishe vipi?

Vipimo vya ini havidai njaa, lakini picha yadai: usile kwa muda wa saa 6 hadi 8 kabla yake. Maji ya kawaida yaruhusiwa. Chai ya maziwa ni chakula. Njoo na dawa zako zote kwenye mfuko, za kifua kikuu, za dukani na za mitishamba, kwani nyingine hupandisha ALT. Panadoli ya miligramu 500 isizidi vidonge 8 kwa saa 24 kwa mtu mzima.

Zahanati zinazotuma damu kwa boti: mwanga huharibu bilirubini, kwa hiyo fungeni chupa kwa karatasi ya foili na muiweke kwenye kikasha cha baridi. Damu iliyotikiswa chembe zikapasuka hupandisha AST kwa uongo. Chupa ya INR ijazwe hadi mstari, isipungue.

Jiwe limetolewa wiki iliyopita. Mbona macho bado yana manjano?

Bilirubini iliyokaa damuni siku nyingi hushikana na albumini, na hutoka polepole kwa wiki kadhaa. Mkojo ukishakuwa mweupe na choo kikarudi rangi yake, njia imefunguka. ALP na GGT nazo huchukua wiki, basi rudia kipimo kwa tarehe uliyopewa. Ila homa ya kutetemeka ikirudi, au mkojo ukakolea tena, usingoje tarehe.