Moshi wa Lubumbashi unaanzia kwenye nozeli

Mtu akishajua kwamba kazi yangu ni kutengeneza pampu na nozeli za injini za dizeli (nozeli ni ile ncha inayopuliza mafuta ndani ya silinda), swali linalofuata nalijua: magari ya umeme yatafika lini Lubumbashi? Wana haki ya kuuliza. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, na kwa sehemu kubwa inatoka huku kwetu, kuanzia Kolwezi kuja upande huu. Betri zinatengenezwa mbali, magari yanaendeshwa mbali, sisi tunabaki na vumbi na foleni za malori. Lakini jibu langu huwaudhi wengi. Tukingoja gari la umeme ndipo tupumue, tutangoja sana, na moshi ambao tungeweza kuupunguza mwaka huu tutazidi kuuvuta.

Tuanze na moshi wenyewe, maana moshi unasema. Moshi wa buluu ni oili ya injini inayoungua: ringi za pistoni zimechoka, au tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, inavujisha. Moshi mweupe asubuhi ni mafuta yaliyopita bila kuwaka; ukiendelea hata injini ikishapata moto, angalia kama maji ya rejeta hayaingii kwenye silinda. Moshi mweusi, ule unaouona taksi-bisi ikiondoka kituoni na abiria wamejaa hadi mlangoni, ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuungua nayo. Ni masizi. Hayo masizi ni pesa ya mwenye gari inayotupwa barabarani. Shofa analipia mafuta, kisha anayarusha usoni mwa mama anayeuza mikate pembeni.

Kwenye meza yangu nina kifaa cha kujaribia nozeli: tangi dogo, mkono wa kusukuma na saa ya kupima shinikizo. Unafunga nozeli, unasukuma mkono. Kwa injini za dizeli za zamani za Hiace, nozeli nzuri inafunguka karibu na bari 150, inatoa ukungu mwembamba wa mviringo, na inakoroma kidogo unaposukuma polepole. Ukipangusa ncha yake, kidole kinatoka kikavu. Ile mbovu inakojoa. Mafuta yanatoka kama uzi, upande mmoja, halafu tone linabaki limening'inia. Tone hilo ndani ya silinda haliwezi kuungua vizuri, kwa sababu dizeli inaungua pale tu inapokuwa imetawanyika na kila chembe imekutana na hewa. Mwenye gari akisimama hapo mezani akaona nozeli zake nne zikijaribiwa mojamoja, sihitaji kumwambia neno.

Kuna ubaya mwingine ambao si wa kuchakaa, ni wa makusudi. Shofa anakuja: "Papa fundi, ongezako kidogo, motokari inakosa nguvu." Anachotaka ni skrubu ya pampu, ile inayopanga kiasi cha juu cha mafuta. Ukiizungusha kidogo tu, gari linapata nguvu kweli, linapanda na mzigo wake, na shofa anafurahi. Lakini hewa haijaongezeka hata kidogo. Mafuta ya ziada yanageuka masizi, joto la silinda linapanda, na baada ya miezi anarudi na pistoni iliyoungua. Skrubu hiyo kiwandani hufungwa kwa muhuri wa madini ya risasi au kifuniko ili isiguswe. Huku kwetu ni nadra kuikuta imefungwa bado. Na simlaumu shofa peke yake: kila jioni lazima ampelekee mwenye gari hesabu yake, gari linabeba watu kuliko lilivyoundiwa, na hesabu haingoji.

Mara nyingi ile nguvu iliyopotea haikupotea kwenye pampu. Ilipotea kwenye filta ya hewa. Kuanzia Mei hadi Septemba hakunyeshi, barabara za Katuba na Ruashi hapa mjini zinageuka unga mwekundu, na filta inaziba upesi kuliko kitabu cha gari kinavyosema, kwa sababu kitabu kiliandikwa kwa barabara za Japani. Nimeona filta zimepigwa kwenye tairi hadi karatasi ikachanika. Nimeona magari yasiyo na filta kabisa, shofa ameitoa "ili injini ipumue". Inapumua, ndiyo, inapumua mchanga, na mchanga unasaga silinda hadi moshi wa buluu unajiunga na ule mweusi.

Kuhusu mafuta yenyewe nitasema machache. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa haina ulaini wa kutosha wa kulinda pampu. Vyuma vinasuguana vikavu. Na salfa ikiwa nyingi, hata gari jipya lenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi litaharibika, maana kichujio kinaziba. Nchi za Afrika Mashariki, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, zilikubaliana kuanzia mwaka 2015 dizeli yao isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Ulaya ilishafika 10 tangu 2009. Wanaotuletea magari ya Ulaya yenye vichujio wangepaswa kwanza kutuletea mafuta yanayofanana nayo. Kwa sasa mengi ya magari hayo yanafika kwangu kichujio kikiwa kimeshakatwa, na katalisti, kifaa cha kusafisha moshi, imeuzwa zamani kwa ajili ya platini iliyomo.

Kwa nini haya yote ni habari ya hali ya hewa na si ya garaji tu? Kila lita moja ya dizeli inayoungua inatoa karibu kilo 2.7 za kaboni dioksaidi. Hiyo haina rangi, hakuna anayeiona, na sehemu yake inakaa angani kwa karne. Masizi yana tabia nyingine: yanadumu angani siku chache au wiki chache tu, lakini wakati huo yanafyonza jua na kuongeza joto kwa nguvu kubwa. Ukiyapunguza leo, faida unaiona karibu. Kwa mapafu ni hivyo hivyo. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na asbesto na tumbaku.

Sasa pikipiki ya umeme, kwa sababu manseba, vijana wa teksi za pikipiki, wananiuliza sana. Tupige hesabu bila ushabiki. Pikipiki ya petroli ya kazi ya teksi inakula takriban lita 2.5 kwa kilometa 100. Ile ya umeme, kwa mwendo huo huo, inahitaji kilowati-saa 3 hadi 4. Umeme wa Kongo karibu wote ni wa maji: Inga kwenye mto Kongo, Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira. Ukiichaji kwa umeme huo, umeshinda kabisa. Lakini umeme ukikatika na wewe ukachaji kwa jenereta ya dizeli? Jenereta nzuri inatoa karibu kilowati-saa 3 kwa lita, zile ndogo za mtaani zinatoa pungufu. Ukihesabu na upotevu wa kuchaji, faida inakuwa ndogo, na moshi umehamia nyuma ya duka la jirani. Kwa hiyo naiunga mkono pikipiki ya umeme kwa sharti moja: betri ya kubadilisha, ichajiwe usiku kwenye kituo chenye umeme wa maji au chenye sola yake. Bila sharti hilo ni maonyesho.

Kinachonikera zaidi ni reli. Treni ya kwanza ilifika hapa mwaka 1910, mwaka mji wenyewe ulipozaliwa. Miaka ya 1950, wakati nchi nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinachoma makaa, Katanga, eneo letu hili, ilikuwa inavuta treni zake kwa umeme wa volti 25,000 uliotoka kwenye maporomoko yake yenyewe. Zaidi ya kilometa 800 za reli hiyo zilitandikiwa nyaya. Usafiri safi tulikuwa nao, babu zetu waliupanda. Leo nyaya za shaba zimeibwa sehemu nyingi, na mara nyingi utaona kichwa cha dizeli kikivuta mabehewa chini ya nguzo zilizobaki wazi.

Shaba yenyewe imehamia barabarani. Mwaka 2023 nchi ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5. Lori moja likibeba tani 30, na kama zote zingepita barabarani, hizo ni zaidi ya safari 80,000 kwa mwaka, bila kuhesabu kobalti, wala salfa na chokaa zinazoingia kwenda migodini. Nenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, uone foleni. Injini zinanguruma papo hapo kwa saa nyingi, na injini isiyo na mzigo ni baridi na inaunguza mafuta ovyo. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 2,000. Treni inahamisha tani moja kwa robo au theluthi ya mafuta ya lori, hata ikiwa ya dizeli. Njia ya reli ya kwenda bandari ya Lobito, iliyokatwa na vita vya Angola mwaka 1975, imefunguliwa tena upande wa Angola. Kipande chetu, Kolwezi hadi Dilolo, ndicho kinachosuasua. Franga moja ikipatikana kwa ajili ya hali ya hewa hapa Katanga, mimi ningeipeleka kwenye reli hiyo kabla ya gari lolote la umeme la mkubwa yeyote.

Moshi wa mjini uliobaki uko mikononi mwa ukaguzi wa magari. Leo ukaguzi ni karatasi. Gari linaweza kulipiwa bila kuonekana, na mimi nimewahi kuletewa basi lenye cheti kipya ambalo halikuweza kusimama bila kutoa wingu. Kipima-moshi kinachoingizwa kwenye ekzosi si chombo cha ajabu. Mkaguzi anakanyaga mafuta mara tatu hadi mwisho gari likiwa limesimama, kifaa kinasoma weusi wa moshi na kutoa namba. Namba haibishani wala haipokei kitu kidogo, ndiyo maana nadhani wengine hawaitaki.

Wenye taksi-bisi wanaotaka nozeli zijaribiwe waje kabla ya Mei, kabla vumbi halijaanza. Walete na filta ya zamani tuiangalie pamoja. Na waje asubuhi na mapema, injini isiwashwe njiani kama inawezekana kuivuta; ikiwaka baridi mbele yangu nitajua mengi kabla sijashika spana.