Dakika ya pembe ni nini?

Duara lina digrii 360. Gawa digrii moja mara 60, kila kipande ni dakika moja ya pembe. Haina uhusiano na saa ya ukutani. Na kwa kuwa mistari ya pembe huzidi kuachana kadiri unavyokwenda mbali, dakika hiyo moja ina upana wa inchi 1.047 kwenye yadi 100, lakini kwenye yadi 400 inafika kama inchi 4. Wawindaji huitupa hiyo desimali, wakahesabu inchi moja kwa kila yadi 100.

Kipimo hiki kinawahusu sana wanaowinda prairie dog kwenye nyanda za Wyoming, Montana na South Dakota huko Marekani. Huyu si mbwa. Ni wa ukoo wa kindi, anafanana na kidiri, na huishi mashimoni kwa makundi makubwa. Akisimama wima kuchungulia, kiwiliwili chake kina upana wa inchi 3 au 4 hivi. Bunduki inayosifiwa kuwa ni ya dakika moja, maana yake risasi zake hutua ndani ya duara lenye upana wa dakika moja. Kwa yadi 400, basi, duara limeshaujaza upana wote wa kiwiliwili cha mnyama kabla mpigaji hajakosea chochote. Tena sifa hiyo mara nyingi imetokana na risasi tatu tu, mtutu ukiwa baridi. Kwenye kundi la prairie dog watu hupiga mfululizo, mtutu unachemka, risasi zinaanza kutawanyika. Ndiyo maana wengi hubeba bunduki mbili na kuzipokezanisha.

Upepo ndio unaosumbua zaidi. Risasi yenye uzito wa greni 55 (kama gramu 3.6) ya .223 Remington, aina ya risasi ndogo yenye kasi, ikipigwa na upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa, husukumwa kando takriban inchi 12 ikifika yadi 300. Hapo dakika moja ni inchi 3, kwa hiyo gawa 12 kwa 3: dakika 4. Darubini nyingi za bunduki husogea robo dakika kwa kila "tik" ya kitufe chake. Zungusha tik 16, umemaliza. Kuhesabu ni rahisi, kazi ni kujua kama upepo ni wa maili 10 au 14, na hapo kifaa cha bei kubwa hakikusaidii kama mwenzako aliyekaa pembeni na darubini, akitazama vumbi liliporuka na kukuambia, "dakika moja na nusu kushoto."

Kabla ya yote uliza sheria ya eneo. Prairie dog wa Utah analindwa na sheria ya nchi nzima, na kuna maeneo yaliyofungwa kwa ajili ya ferreti mwenye miguu myeusi, mnyama mdogo mla nyama wa jamii ya kicheche, ambaye chakula chake karibu chote ni hao prairie dog.

Darubini nyingine hupimwa kwa mili, ambayo ni kipimo kingine cha pembe. Mili moja ni dakika 3.44, kwa hiyo wewe na mwenzako mkubaliane kipimo kabla ya risasi ya kwanza.