Vijana wa Lajamanu na Kiwarlpiri chao chepesi

Kila muhula nikifika kwenye mada ya lugha mseto, naandika ubaoni sentensi moja inayotoka Lajamanu, kijiji cha Wawarlpiri, jamii mojawapo ya Waaborijini (wenyeji wa asili wa Australia), katika Northern Territory, Australia:

Nganimpa-ng gen wi-m si-m worm mai aus-ria.

Maana yake: sisi pia tuliona minyoo nyumbani kwangu. Darasa hucheka. "Mwalimu, hiyo si Sheng ya Waaborijini?" Nawaacha wacheke, kisha tunaanza kuichambua.

"Worm" na "aus" (nyumba) asili yake Kiingereza. "Nganimpa" ni sisi, lakini sisi bila wewe unayenisikiliza, tofauti ambayo Kiswahili hakina. Ile "-ng" inaonyesha mtendaji ni nani, na "-ria" inafanya kazi ya "-ni" yetu katika "nyumbani". Hadi hapo unaweza kusema ni mchanganyo tu. Sasa itazame "-m" iliyobandikwa kwenye "wi". Inaeleza kwamba jambo limeshatokea au linatokea sasa hivi, ila si la baadaye. Kiambishi cha namna hiyo hakimo katika Kiingereza wala katika Kiwarlpiri. Waliokiunda ni watoto.

Mwanaisimu Carmel O'Shannessy, aliyeichunguza lugha hii kwa miaka mingi, anaeleza hivi: miaka ya 1970 na 1980 watu wazima waliwabembeleza watoto wachanga kwa kuchanganya Kiwarlpiri, Kriol (lugha ya Waaborijini wa kaskazini iliyozaliwa kutokana na Kiingereza) na Kiingereza chenyewe. Watoto wakaupokea mchanganyiko ule kama lugha moja, wakauwekea kanuni zake. Wenyewe wanaiita Warlpiri rampaku, yaani Kiwarlpiri chepesi. Sheng mtu huiokota mtaani akiwa tayari na lugha ya nyumbani, walau ilianza hivyo. Hii ndiyo wanayoanza nayo. Kiwarlpiri cha wazee wanakijua pia na wanakitumia; Kiingereza wanakikuta shuleni.

Ndiyo maana nachoka kusoma kwamba vijana hawa "wamekwama" kati ya mila na usasa. Aliyekwama hatungi sarufi.

Tena mila yenyewe haiwaachii kirahisi. Kila Mwarlpiri huzaliwa na jina la kundi, ambalo kwa Kiingereza chao huliita "ngozi", wala halihusiani na rangi ya mwili. Makundi ni 8. Majina ya wanaume yanaanza na J, ya wanawake na N. Jampijinpa anatarajiwa kuoa Napangardi. Mwanawe wa kiume atakuwa Jangala, na mtoto wa Jangala huyo anarudi kuwa Jampijinpa kama babu yake. Sisi tunaompa mjukuu jina la babu na kumwachia amtanie, hapo hatuhitaji mkalimani. Kwa hiyo kijana akipendana na mtu wa kundi lisilomstahili, mambo huwa mazito, hata kama walianzia kwenye simu.

Shida ipo, ila mimi sioni inatokana na muziki wala simu. Lajamanu yenyewe ilianza hivi: mwaka 1948 serikali iliwapakia watu kwenye malori kutoka Yuendumu, kijiji kingine cha Wawarlpiri, ikawashusha Hooker Creek, jina la zamani la Lajamanu, kwenye ardhi ya jamii nyingine, Wagurindji. Baadhi yao walirudi kwa miguu, mamia ya kilomita jangwani, wakarudishwa tena. Baadaye shule ya hapo ikapata mpango wa kufundisha kwa lugha mbili. Halafu mwaka 2008 serikali ya Northern Territory ikaamuru saa 4 za kwanza za masomo kila siku ziwe za Kiingereza. Kiwarlpiri kikabaki cha mchana, jua kali, watoto wamechoka. Agizo hilo baadaye liliondolewa, lakini ukinitaka nionyeshe kilichowabana vijana hawa, nitakuonyesha ratiba ile.

Tangu 2005 kijijini kuna tamasha la Milpirri, lililobuniwa na Steven Wanta Jampijinpa Patrick pamoja na kundi la Tracks Dance Company la Darwin. Milpirri ni wingu la mvua ya radi, linalotokea hewa ya moto inapopanda na kukutana na ya baridi. Usiku huo wazee huimba na kucheza ngoma za jadi, na watoto wa shule hupanda jukwaani na hip-hop. Hawajipangi na marafiki zao, maana kila rangi ya mavazi ina "ngozi" zake. Kijana wa Jampijinpa anayezunguka kwa kichwa pale sakafuni amevaa rangi ya babu yake.