Matete vamizi mjini: ukifyeka tu umeyasaidia

Kila mwaka matete yakishatoa yale masuke ya manyoya, simu ofisini kwetu hazitulii. Nusu ya wanaopiga wanauliza kama wanaweza kuchuma wakapambe sebule (jibu ni hapana, nitaeleza mbele), nusu nyingine washafyeka mara tatu na wanalalamika eti sasa yamekuwa mengi kuliko mwanzo. Hawa wa pili wanasema kweli kabisa, na wala sio bahati mbaya, ndivyo huo mmea unavyofanya kazi.

Ninaloongelea ni lile tete la Ulaya na Asia, kitaalamu Phragmites australis. Huko kwao ni mmea wa heshima zake, watu wanaezekea nyumba, ndege wanataga humo, na kuna sehemu mpaka wanalilinda lisiishe. Balaa lilianza lilipovuka bahari. Inaaminika lilifika pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini na meli, mwishoni mwa miaka ya 1700 au mwanzoni mwa 1800, likakaa kimyakimya miaka mingi watu wakidhani ni lile la kienyeji maana kule nako wana tete lao la asili linalofanana nalo kama pacha. Mwaka 2002 Kristin Saltonstall akachapisha utafiti wa vinasaba, ndio ikajulikana kwamba linalotambaa kila mahali ni ukoo wa kigeni, na mwaka 2005 watafiti wa serikali ya Kanada wakalitaja kuwa mmea vamizi mbaya kuliko yote nchini humo. Linafika mita 5 kwenda juu na linaweza kusongamana mashina 200 kwenye mita moja ya mraba, yaani hapo hata kasa hapiti.

Sasa mjini linafuata nini? Linatufuata sisi. Mitaro ya barabara, mabwawa ya kukinga maji ya mvua, kingo za reli, viwanja vilivyochimbwa vikaachwa, hizo zote kwake ni kama umemtandikia mkeka. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inaua majani mengi ya asili lakini tete linaivumilia vizuri tu, kwa hiyo tunamuondolea na washindani bure. Alafu kuna mashine. Niliwahi kusimama nyuma ya katapila lililotoka kuzibua mtaro, sitasema lilikuwa la nani, kwenye minyororo yake kumenata tope na ndani ya tope kuna kipande cha shina la chini kama urefu wa kidole, cheupe, kina pingili mbili na jicho moja limeshaanza kuchomoza. Katapila likapanda lori likaenda mtaa mwingine. Msimu uliofuata huko kwingine tukaitwa kuangalia "nyasi fulani mpya".

Kabla hujagusa chochote hakikisha unashughulika na mgeni na sio mwenyeji, maana la asili halina kosa. La asili linaota kwa nafasi nafasi, mashina yake kwa chini huwa laini, yanang'aa na yana wekundu wakati wa joto, na maganda ya majani yanabanduka kirahisi msimu ukiisha. Vamizi limebanana, majani ni kijani cha kuelekea bluu, shina ukilipapasa linakwaruza, na ganda limeng'ang'ania hata likishakauka. Ukiwa na mashaka piga picha ya shina na ya ganda, sio ya suke peke yake, kila mtu anatutumia picha ya suke na suke halitusaidii sana.

Haya, kwa nini kufyeka hakufai. Unachokiona juu ni sehemu ndogo tu ya mmea, mwenyewe yuko chini. Kuna mtandao wa mashina yanayolala ardhini, yanaweza kushuka mpaka kama mita 2, yamejaa akiba ya chakula na macho mengi yaliyolala. Ukifyeka mwanzoni mwa msimu akiba bado ipo, macho yanaamka, palipokuwa na shina moja yanakuja matatu na umewapa mwanga wa jua juu yake. Kuchoma moto peke yake ni hadithi hiyo hiyo, linakuja tena limenona, na matete makavu karibu na nyumba yanawaka kama petroli kwa hiyo usijaribu. Kung'oa nako unaacha vipande ardhini na kila kipande ni mche.

Kama kichaka ni kidogo na udongo ni laini, njia ninayoipenda ni sepetu iliyonolewa vizuri. Shika shina kwa mkono mmoja, ingiza sepetu kwa kulala kiasi, kama digrii 45, ulikate chini ya usawa wa ardhi, kisha vuta hicho kipande cha juu na mzizi uuache ulipo. Usichimbue. Unafanya hivi katikati ya kiangazi, yaani majira ya joto ya nchi za kaskazini, mwezi wa saba hadi wa nane, wakati mmea umeshatumia akiba yake kujirefusha na haujaanza kuirudisha chini, na mimea mingine iliyopo katikati unaiacha imesimama ili izibe nafasi. Inachosha mgongo, sikatai, ila baada ya misimu miwili mitatu unaona mashina yanakuja membamba kama penseli na hapo ujue chini hali ni mbaya.

Kwenye maji kuna ujanja mwingine. Matete hata yakifa mashina yake yanafanya kazi kama mirija, yanapitisha hewa mpaka kwenye mizizi iliyoko kwenye tope. Kata chini kabisa, visiki vyote vizame na vibaki vimezama msimu mzima, mizizi inakosa pumzi. Kisiki kimoja tu kikichungulia juu ya maji umewaachia dirisha.

Turubai jeusi linasaidia sehemu yenye jua, lakini liachwe miezi sita au zaidi na mtu awe anakagua pembeni maana machipukizi yanatorokea kando. Mbuzi wanapunguza, hawamalizi. Kuna pia aina mbili za nondo ambazo Kanada iliruhusu ziachiwe mwaka 2019, viwavi wake wanatoboa mashina kwa ndani, hiyo ni kazi ya miaka mingi na sio ya kufanya nyumbani.

Dawa ya kuua magugu tusiikwepe, kichaka kikubwa bila dawa ni ngumu sana. Inayotumika zaidi ni glaifoseti, na inafaa zaidi mwisho wa kiangazi kuelekea vuli mmea unapoteremsha sukari kwenye mashina ya chini, dawa inabebwa humo humo. Ukipulizia mapema unachoma majani tu na hela imekwenda. Karibu na maji kuna sheria zake na sio kila dawa inaruhusiwa, kwa hiyo hapo mwachie mwenye leseni, na kuna nyingine, imazapiri, inabaki kwenye udongo na inaweza kukuulia mti wa jirani. Mpulizo mmoja haumalizi, panga kurudi mwakani.

Ulichokata usikiweke kwenye mboji, tafadhali. Masuke yakate kwanza uyafunge kwenye mfuko mzito mweusi, uuache juani wiki kadhaa mpaka kila kitu kife, ndio upeleke jalalani. Na lile suke la sebuleni ndio lile lile, mbegu zake ni nyepesi zinapeperuka kila mlango ukifunguliwa, na sehemu nyingine kama jimbo la Ontario, Kanada, kulinunua au kuliuza ni kosa kisheria tangu 2016.

Kinachotukwamisha mara nyingi mjini ni mipaka. Mtaro ni wa idara ya barabara, ukingo ni wa reli, bwawa ni la mwenye jengo, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze na matete hayana habari na mambo ya hati. Kwa hiyo ukiona kichaka kichanga ripoti mapema, andika ni upande gani wa kalavati na maji yanaelekea wapi, maana sisi tunaanza kusafisha juu ya mkondo tukishuka. Na mashine isafishwe tope pale pale kabla haijaondoka, brashi na ndoo ya maji vinatosha.

Mahali palipokwisha safishwa tunaendelea kupita kila kiangazi, mwaka wa tatu, wa nne, tunatembea polepole tukitazama chini, kwa sababu chipukizi la wiki mbili linafanana sana na nyasi za kawaida, mpaka ulipapase.