Neno "mtandao" linabebeshwa mizigo mitatu

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kufunga na kutunza mitandao ya ofisi jijini Dar es Salaam, na maneno ninayoyasikia mara nyingi kuliko mengine yoyote ni "fundi, mtandao hakuna". Siku moja mhasibu wa ofisi fulani alinipigia asubuhi na mapema akiwa na malalamiko hayohayo. Nikamuuliza, "Dada, unanipigia kwa simu ya kawaida au kwa WhatsApp?" Akajibu kwamba ni kwa WhatsApp, kwa kuwa alikuwa ameishiwa dakika. Simu yake ilikuwa imeunganishwa kwenye waifai ya ofisi ileile ambayo, kwa maelezo yake, haikuwa na mtandao.

Hakuwa anasema uongo. Kivinjari cha kompyuta yake kilikuwa hakifungui tovuti hata moja, na kwake yeye, kama ilivyo kwa wengi wetu, mtandao ni kile kinachoonekana ndani ya kivinjari. Neno letu moja la "mtandao" limebebeshwa vitu vitatu ambavyo vilizaliwa nyakati tofauti, vinafanya kazi kwa taratibu tofauti, na huharibika kila kimoja kwa namna yake: intaneti, wavuti na barua pepe.

Nilimwomba afungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri, aandike ping 8.8.8.8, amri ya kuuliza kama mashine fulani inajibu, kisha abonyeze kitufe cha kuingiza. Namba hizo ni anwani ya seva ya Google (seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine) inayofahamika kwa mafundi wote, na majibu yakaanza kushuka mstari kwa mstari. Hapo nikajua kwamba intaneti yenyewe ilikuwa nzima. Nikamwomba arudie amri ileile, lakini safari hii aandike jina la tovuti badala ya namba, na kompyuta ikajibu kwamba haimpati mwenye jina hilo. Tatizo lilikuwa kwenye mfumo wa majina ya vikoa, yaani daftari linalobadilisha jina tunaloliandika sisi kuwa namba ambayo mashine zinaielewa. Kuna mtu aliyegusa mipangilio ya kompyuta za ofisi na kuzielekeza kwenye seva ya majina ambayo haikuwepo tena. Simu za wafanyakazi zilikuwa na mipangilio yao, kwa hiyo WhatsApp haikuathirika. Kurekebisha kulichukua dakika 5. Kuelewana kulichukua nusu saa.

Intaneti, basi, ni makubaliano ya jinsi ya kusafirisha data kutoka mashine moja hadi nyingine, pamoja na nyaya, minara na mitambo inayoyatekeleza makubaliano hayo. Picha yenye ukubwa wa megabaiti 3 haisafiri ikiwa nzima, bali hukatwakatwa kuwa pakiti zaidi ya 2,000, na kila pakiti hupewa namba ya mtumaji, namba ya mpokeaji na namba yake kwenye foleni, kisha hupitishwa kutoka rauta, kile kifaa kinachoielekeza data njia, hadi rauta nyingine bila rauta yoyote kuijua safari nzima. Pakiti zinaweza kupita njia tofauti, na ikipotea moja, mashine ya mtumaji huituma upya. Itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, zinazosimamia kazi hiyo, TCP na IP, ziliandaliwa na Vint Cerf na Bob Kahn katika miaka ya 1970, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET wa Marekani, mtangulizi wa intaneti, ukahamia rasmi kwenye utaratibu huo.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikumbushwa kwa nguvu kwamba intaneti ni kitu kinachoshikika Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, pale mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Seacom ilikuwa tayari imekatika upande wa Bahari ya Shamu tangu Februari mwaka huohuo, kwa hiyo Tanzania, inayoitegemea sana mikongo hiyo miwili, ikajikuta imebaki na upenyo mdogo wa kutokea nje. Siku hiyo nilikaa na kompyuta nikijaribu tovuti za wateja wangu moja baada ya nyingine. Zile zilizokuwa zimehifadhiwa Ulaya hazikufunguka. Moja iliyokuwa kwenye seva iliyopo hapahapa Dar es Salaam ilifunguka kama kawaida, kwa sababu data zake hazikuhitaji kugusa bahari. Zilipita kwenye kituo cha ndani ambako watoa huduma wetu hubadilishana data wao kwa wao. Vituo vya aina hiyo havikupatikana kirahisi. Kile cha Nairobi, KIXP, kilianza mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa na mamlaka ya mawasiliano ya Kenya baada ya wiki chache, na hakikurudi kazini mpaka mwaka 2002.

Wavuti ni kitu kimoja tu kati ya vingi vinavyopita juu ya intaneti. Tim Berners-Lee alipeleka pendekezo lake mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, na alichokibuni kinaweza kuelezwa kwa maneno machache: kila ukurasa uwe na anwani yake, ukurasa uweze kuelekeza kwenye ukurasa mwingine, na kuwe na lugha moja ya kuuomba na kuupokea. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliruhusu teknolojia hiyo itumiwe na yeyote bila malipo, na naamini uamuzi huo ulichangia kuenea kwa wavuti kuliko ubora wowote wa kiufundi. (Niongeze hapa, kwa kuwa naulizwa mara kwa mara: ile menyu ya kutuma pesa inayoanza kwa nyota na kuishia kwa reli si wavuti, wala simu yako haipiti kwenye intaneti inapoifungua. Hutumia njia ya mawimbi ya simu ya kawaida, ndiyo maana kitochi kisicho na bando hutuma pesa bila shida.)

Barua pepe ndiyo kongwe kati ya hizi, nayo ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Ray Tomlinson alituma ujumbe wa kwanza kati ya kompyuta mbili za ARPANET mwaka 1971, akaichagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine, miaka 18 kabla ya pendekezo la wavuti. Kwa kweli barua pepe haihitaji hata intaneti kamili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi wa HealthNet uliwapelekea madaktari wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, barua na taarifa za kitabibu kupitia setelaiti ndogo iliyopita angani mara chache kwa siku: ikifika juu yako unapakia barua zako na kuchukua zilizokuja, kisha inaendelea na safari yake.

Msomaji wa Tanzania ana bahati ya kuuelewa mfumo huu kuliko msomaji wa Ulaya, kwa sababu sisi tumekulia kwenye S.L.P. Tarishi hakuzoea kubisha hodi nyumbani kwetu. Barua ilikaa kwenye sanduku pale posta mpaka uende na ufunguo wako. Barua pepe hufanya vivyo hivyo. Seva ya mtumaji huipeleka kwa seva ya mpokeaji kwa itifaki iitwayo SMTP, inawekwa kwenye sanduku, na simu yako huenda kuichungulia kwa itifaki nyingine kabisa. Ndiyo maana unaweza kupokea barua bila kuweza kutuma, jambo linalowachanganya watu kila wiki.

Ufanano huo una upande wake mbaya. Nyuma ya bahasha ya karatasi unaweza kuandika jina lolote la mtumaji na posta itaipokea. SMTP ya mwaka 1982 nayo haikuwa na njia ya kumuuliza mtumaji kitambulisho. Ofisi ileile ya mhasibu wetu ilipokea baadaye barua yenye jina na anwani ya mkurugenzi, ikiagiza malipo yahamishiwe akaunti mpya ya benki. Aliniita kabla ya kulipa. Nilifungua vichwa kamili vya barua, ile mistari ambayo programu huificha, nikaisoma kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa kila seva inayoipitisha barua hugonga mhuri wake juu ya mihuri iliyotangulia. Mhuri wa chini kabisa ulikuwa wa seva isiyohusiana na ofisi yao kwa lolote. Siku hizi mwenye kikoa, yaani lile jina linalofuata alama ya @, anaweza kutangaza ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake na kuziwekea barua zake sahihi ya kidijiti. Kikoa chao hakikuwa na hata kimoja kati ya hivyo, nami nilikaa hapo mpaka jioni nikiviweka.

Mkongo ulipokatika mwezi ule wa Mei, mhasibu huyo alikuwa amemtumia mteja wa Ujerumani ankara, akadhani imepotea. Ukurasa wa wavuti usipofika unakufa hapohapo, lakini seva ya barua ikishindwa kufika huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena na tena, kwa kawaida kwa siku 4 au 5, kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe. Jumatano alinipigia, safari hii kwa simu ya kawaida. "Kaka, ile ankara imefika," alisema, "na nyingine mbili nilizotuma tena nazo zimefika. Sasa Mjerumani anauliza alipe ipi."