Nafsi ya msimulizi katika hadithi za mashabiki

Hadithi ya shabiki ni hadithi mpya inayoandikwa na msomaji au mtazamaji kwa kutumia wahusika waliokwishakuwepo: wa riwaya, wa filamu, wa mchezo wa redioni, hata wa ngano. Mwandishi wake hawaumbi. Anawakuta na majina yao, tabia zao na ugomvi wao wa zamani, kisha anawaongezea tukio, anawabadilishia mwisho, au anawahamishia Mikindani. Nafsi ya msimulizi ni jibu la maswali mawili: nani anasimulia, na anajua kiasi gani. Akisema "nilifika", yumo ndani ya kisa. Hiyo ni nafsi ya kwanza. Akisema "alifika", ni nafsi ya tatu, na hapo unauliza tena: anaingia moyoni mwa kila mtu, au amegandana na mmoja tu? Darasani somo huishia hapo. Kwa anayeandika hadithi za mashabiki, halitoshi.

Halitoshi kwa sababu msomaji wake anakuja na kitu ambacho msomaji wa riwaya mpya hana: anajua kilichotokea. Mwandishi wa riwaya mpya hutumia nafsi kumficha msomaji mambo. Wewe utamficha nini mtu anayekijua kisa tangu utotoni? Hapo kinachobaki kuwa kipya ni jicho linaloona, na hasa yale ambayo jicho hilo haliyaoni.

Chukua ngano ya Sungura na Simba. Simba kachoka kuchezewa, anaingia nyumbani kwa Sungura na kujificha. Sungura anarudi, anaona nyayo, anasimama nje na kusalimia: "Hujambo, nyumba!" Kimya. Anasema kwa sauti kwamba haya ni maajabu, kila siku nyumba humwitikia, leo lazima mna mtu ndani. Simba anaitikia, Sungura huyo, mbio. Bibi zetu hukisimulia kwa nafsi ya tatu ya anayejua yote: tunamwona Simba gizani, tunaziona nyayo, tunacheka. Sasa mpe Simba mwenyewe asimulie:

"Humu mnanuka majani ya kunde. Miguu nimeikunja, mkia nimeukalia. Nje hatua zikasimama. 'Hujambo, nyumba!' Nikazuia pumzi. Nyumba nayo ikanyamaza. Akasalimia tena, safari hii kwa unyonge, kama mtu aliyezoea kuitikiwa. Moyoni nikasema: lo, kumbe hapa huitikiwa, na mimi nimekaa tu kama gunia."

Msomaji anaijua sentensi inayofuata. Simba haijui. Tukio ni lilelile, maneno ya Sungura ni yaleyale, lakini kicheko kimehama. Mwanzo tulicheka kwa werevu wa mmoja. Sasa tunataka kumshika mwenzake bega tumwambie anyamaze. Na katika baadhi ya masimulizi Sungura hayuko peke yake: yuko na mkewe, anamwambia arudi alikotoka maana Simba amepita. Msimulizi akiwa huyo mke, salamu ya nyumba haimo kabisa kwenye hadithi. Hakuisikia. Alichonacho ni kusubiri njiani, halafu mume anayefika mbio akicheka, na maelezo ambayo itabidi ayaamini au asiyaamini. Ngano ya ujanja imekuwa kisa cha ndoa, na hakuna tukio hata moja lililobadilishwa.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua nafsi, angalia kwanza chanzo chako kilisimuliwa na nani. Mfano ninaoupenda ni wa Sherlock Holmes, mpelelezi aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle wa Uingereza. Kuna riwaya 4 na hadithi fupi 56, na karibu zote anasimulia rafiki yake, Dokta Watson. Holmes mwenyewe anasimulia mbili tu. Sababu inaeleweka: Holmes akisimulia, siri iko wazi tangu ukurasa wa pili, maana kichwa kinachosimulia ndicho kilichokwisha kufumbua. Watson anatazama, haelewi, anauliza, nasi tunauliza naye.

Mwaka 1893 Doyle aliamua kummaliza mpelelezi wake kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi. Lakini Watson hakuwepo pale. Alikuwa ameitwa arudi hotelini kwa barua ya uongo kwamba kuna mgonjwa. Alipopanda tena alikuta fimbo ya Holmes, nyayo zinazokwenda bila kurudi, na waraka wa kumuaga. Mwili hakuuona. Mwaka 1903 Doyle alimrudisha Holmes akiwa hai, na hakulazimika kufuta hata mstari mmoja, kwa kuwa msimulizi wake hakuwahi kusema "nilimwona akianguka". Ndani ya hadithi zenyewe, miaka mitatu ambayo Holmes hakuonekana ikabaki uwazi mkubwa, na mashabiki hadi leo wanaujaza. Pengo lile limetokana na nafsi ya msimulizi.

Sasa tumlete kwetu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, mkoani Lindi wa leo. Mifupa ilibebwa na wapagazi kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin. Shabiki anabuni: kreti moja limepotea njiani, Holmes mzee ameitwa. Akiandika kwa nafsi ya Watson, hadithi itakuwa na ladha ya asili: joto, mbu, na "wapagazi" kama kundi moja lisilo na majina. Watson hajui Kiswahili, kwa hiyo kila neno la wenyeji linamfikia kupitia kwa mkalimani, limekwishachujwa. Yote hayo ni sahihi kwa Watson. Tatizo ni kwamba mwandishi wa Lindi akiandika hivyo anaitazama Lindi kama mgeni aliyeshuka melini jana.

Jaribu mpagazi:

"Yule mrefu aliinama, akatazama udongo kwenye kisigino changu, akanitajia kijito nilichovuka usiku. Mkalimani akatafsiri huku akitetemeka. Kweli tupu. Ila hakuniuliza nilivuka kwa nini, na mimi sikuulizwa, sikusema."

Hapa swali la hadithi limegeuka. Nani kaiba? Msimulizi anajua. Tunachosubiri ni kama mgeni atafika kwenye ukweli, na kama huyu anayemtazama atamsaidia au atamwacha apotee. Upelelezi umegeuzwa ndani nje. Gharama ipo pia: Holmes na Watson wakizungumza Kiingereza chao pembeni, mpagazi anasikia mnong'ono tu. Shabiki aliyefuata maneno makali ya Holmes atayakosa. Mimi ningelipa gharama hiyo bila kujiuliza mara mbili, lakini mwandishi ajue kwamba analipa.

Nafsi ya tatu ya karibu, ile inayomfuata mhusika mmoja bila kusema "mimi", ndiyo wengi huikimbilia, na ndiyo inayowaponyoka zaidi. Kiswahili kina mtego wake hapa. Kiambishi a- hakisemi mwanamume wala mwanamke. Andika "alimtazama, akamshika mkono, akamwambia aondoke" penye wahusika watatu, msomaji atabaki anahesabu vidole. Wengine hujitoa kwa majina marefu: "yule binti mwenye macho ya kusinzia", "kijana mrefu wa Masasi". Lakini kama tumo kichwani mwa dada yake huyo binti, nani humwita dada yake "yule binti"? Ukiandika hivyo umetoka kichwani mwake bila kujua.

Dawa tunayo nyumbani: majina ya udugu. "Shemeji aliingia bila hodi, akakaa juu ya gunia la korosho." Shemeji wa nani? Wa yule ambaye tumo kichwani mwake, na sentensi moja imetosha kutuweka hapo. Ukiandika "mama mkwe alikohoa", tumehamia kwa mwingine. "Bi Mkubwa" na "yule mzee" wanaweza kuwa mtu mmoja chumbani, kwa macho mawili tofauti. Mwandishi akishika hili, hahitaji "alifikiri kwamba" kila aya.

Nafsi ya pili, ile ya "unaamka, unamkuta Holmes mlangoni", huandikwa ili msomaji ajione yeye ndiye mhusika. Kwa kisa kifupi inafaa. Ikizidi kurasa chache huchosha, hasa ikianza kumwambia msomaji anachohisi, naye hakihisi.

Wanaotuma simulizi zao kwa sehemu kwenye simu hupenda kubadilisha nafsi ili shabiki wa kila mhusika apate chake. Hakuna ubaya, mradi ubadilishe panapoanza sehemu mpya, na mistari miwili ya kwanza ituonyeshe tumekaa wapi. Ukiruka kutoka kwa mpagazi kwenda kwa Watson katikati ya mazungumzo, msomaji anapata kile anachoficha mmoja na kile asichokijua mwingine kwa mpigo, na fumbo lako limekwisha kabla kreti halijafika Lindi.